Last Train Home: Treni Tunaiona, Karatasi Hatuioni

Mara ya kwanza kuandika kuhusu tofauti ya mapato kati ya mji na mashambani nchini China, nililipwa. Shilingi 350 kwa ukurasa, kurasa saba, zifike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mwanafunzi aliyeagiza insha alikuwa ng'ambo, sijui nchi gani. Kazi hizi hupitia kwa mtu wa katikati, na mtu wa katikati hapendi maswali. Wengi wenu mnaosoma hapa mnaijua kazi hiyo, na wengine imewalipia nyumba. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na tangu hapo nimewaandikia wanaomaliza vyuo insha nyingi kuliko nilizowahi kujiandikia mwenyewe.

Insha yenyewe ilitoka vizuri. Nilieleza kwamba mwaka 2009 kipato cha mtu wa mjini China kilikuwa zaidi ya mara tatu ya kipato cha mtu wa mashambani, na kwamba kufikia 2024 pengo lilikuwa limepungua hadi mara 2.34. Nikataja mageuzi ya ardhi yaliyoanza 1978, kodi ya kilimo iliyofutwa 2006, na tangazo la Februari 2021 kwamba umaskini wa kupindukia umekwisha vijijini. Mteja akapata alama nzuri, au ndivyo nilivyoambiwa. Mimi nikalipa deni la Fuliza na kununua unga.

Katika makala moja niliyoisoma usiku ule palitajwa filamu, Last Train Home. Niliandika jina lake nyuma ya kitabu nikaendelea na kazi. Wiki mbili baadaye nikaitafuta na kuitazama kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Nilipofika katikati nikaizima. Filamu haikuwa mbaya, ila nilikuwa nimemwona msichana wa miaka kumi na saba akimwangalia mama yake kwa jicho ambalo nalijua kutoka ndani. Nilikaa siku tatu kabla ya kuirudia.

Lakini huu ni uhakiki, kwa hivyo wacha nianze na filamu.

Last Train Home ilitoka mwaka 2009. Mwelekezi wake ni Lixin Fan, Mchina aliyehamia Canada, na mwaka huo huo ilishinda tuzo ya filamu bora ndefu ya uhalisia kwenye tamasha la IDFA, Amsterdam. Inafuata familia moja, akina Zhang, kwa muda wa miaka kadhaa. Baba na mama wanashona nguo katika kiwanda Guangzhou, kusini mwa China. Kwao ni kijijini, mkoa wa Sichuan. Waliondoka binti yao Qin akiwa bado mchanga, wakamwacha na babu na bibi. Baadaye akazaliwa mvulana, Yang, naye pia akaachwa huko. Wazazi hurudi mara moja kwa mwaka, wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, na kurudi kwenyewe ni vita.

Hivyo vita ndivyo filamu inavyoanza navyo. Kamera iko juu, chini kuna stesheni ya Guangzhou, na watu ni wengi hadi huoni ardhi wanayoikanyaga. Maandishi kwenye skrini yanatuambia kwamba vibarua milioni 130 hurudi kwao kila mwaka kwa sikukuu hii. Ukiwahi kuwa Machakos Country Bus tarehe 23 Desemba utadhani unaelewa. Huelewi bado. Sisi tukiongezewa nauli mara tatu tunalalamika tukitafuta basi lingine. Wale wanangoja siku kadhaa kupata tiketi, na wasipoipata hawatawaona watoto wao hadi mwaka ujao.

Kisha tunapelekwa kijijini, na hapa ndipo uwezo wa Fan unapoonekana. Hana haraka. Anamwonyesha Qin akikata majani ya mifugo, akila na bibi yake, akienda kwenye kaburi la babu aliyemlea na kumzungumzia huko kama mtu anayezungumza na mzazi. Hakuna msimulizi wa kutuelekeza tuhisi nini. Huko mjini, mama anashona usiku, analala katika kijumba cha pazia kilicho karibu na mashine, na asubuhi anashona tena.

Kinachowaunganisha ni simu. Na kwenye simu, wazazi wana neno moja: soma. Umepata alama gani? Soma. Kaka yako anasoma? Mwambie asome. Wakirudi nyumbani ni lile lile, chakula hakijashuka tumboni na tayari matokeo ya mtihani yako mezani. Mtazamaji mvivu atasema hawa wazazi hawana upendo. Mimi naona jambo lingine. Hawa ni watu ambao kwa miaka kumi na sita wamekuwa wakinunua kitu kimoja tu kwa pesa zao, yaani shule ya watoto, kwa hivyo shule ndiyo kitu pekee wanachoweza kukiulizia. Hawajui rafiki wa Qin anaitwa nani. Hawajui anaogopa nini. Wanajua karo. Mtu huuliza kuhusu kile alicholipia.

Naye Qin anasikia nini? Anasikia kwamba wanapenda pesa. Basi anaacha shule na kwenda kuzitafuta mwenyewe, kiwandani, kushona suruali za jeans. Anavyoliona yeye ni uhuru, mshahara wake mwenyewe mfukoni mwake. Wazazi wanapojaribu kumshawishi arudi darasani, hawana la kumwambia ambalo maisha yao wenyewe hayalipingi. Wanamwambia kazi hii ni mbaya huku wakiifanya. Wanamwambia usiende mbali na nyumbani huku wao wakiwa mbali.

Halafu inakuja sikukuu ya 2008. Januari ile theluji nzito iliangukia kusini na kati ya China, umeme wa reli ukakatika, na mamia ya maelfu ya watu wakakwama kwenye stesheni ya Guangzhou. Fan alikuwa pale na kamera. Familia imo ndani ya umati, siku baada ya siku, askari wamesimama mnyororo, watu wanazimia, wengine wanalia. Sijaona filamu nyingine iliyoniweka ndani ya umati namna ile. Hatimaye wanafika nyumbani, na nyumbani ndipo kila kitu kinalipuka. Qin anajibu kwa neno la matusi, baba anampiga, msichana anapigana naye. Kisha Qin anaigeukia kamera na kuitupia maneno: mlitaka kumwona yeye halisi, basi huyu hapa ndiye halisi.

Nilipoona hapo ndipo nilipozima simu.

Mengi yameandikwa kuhusu tukio hilo, na karibu yote yanauliza swali moja: je, ilikuwa haki kuendelea kupiga picha? Ni swali zuri lakini mimi nina lingine. Katika chumba kile kuna baba, mama, bibi, binti, kijana mdogo na kamera. Tunavyoonyeshwa, ugomvi ni wao kwa wao: baba mkali, binti mkaidi, mama aliyeshindwa. Lakini kuna mwingine aliyekuwa mle ndani, na filamu nzima haimpi kiti. Ni karatasi.

Karatasi hiyo inaitwa hukou. Ni usajili wa kaya, na sheria yake ilipitishwa Januari 1958. Kila Mchina aliandikwa mahali alipo na aina yake: wa kilimo au asiye wa kilimo. Wa mjini alipata mgao wa chakula, kazi, nyumba, hospitali. Wa kijijini alipata shamba la pamoja na wajibu wa kulisha mji. Hukuchagua, ulirithi. Na hadi mwaka 1998, mtoto aliirithi kutoka kwa mama. Baba angeweza kuwa karani wa Beijing, lakini mama akiwa wa kijijini, mtoto ni wa kijijini.

Baada ya 1978 viwanda vya pwani vilihitaji mikono, na watu wa vijijini wakaruhusiwa kwenda mjini kufanya kazi. Wao wakaenda, karatasi ikabaki. Ukishona Guangzhou miaka kumi na sita, bado karatasi yako ni ya Sichuan, na shule ya serikali ya Guangzhou haina wajibu sawa kwa mtoto wako. Ukimleta, utatafuta shule za pembeni za watoto wa vibarua, au utalipa zaidi upate nafasi. Hata akifaulu huko, mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa kawaida hufanywa mkoa wa hukou yako, kwa hiyo atarudishwa Sichuan akafanye mtihani wa silabasi ambayo hakuisoma. Na kwa miaka mingi, ukikutwa mtaani bila kibali cha muda, ulikamatwa. Mwaka 2003 kijana mmoja aitwaye Sun Zhigang, mbunifu wa michoro aliyesoma chuo kikuu, alishikwa Guangzhou kwa sababu hakuwa na karatasi, akapigwa akiwa kizuizini hadi akafa. Kelele za umma zilikuwa kubwa mpaka mfumo huo wa kuwakamata na kuwarudisha watu ukafutwa mwaka huo huo. Ni Guangzhou hiyo hiyo, na mama na baba wa Qin walikuwa tayari kazini huko au njiani kuelekea huko.

Sasa rudi kwenye ugomvi. Qin anawaona wazazi waliochagua pesa badala yake. Baba anamwona binti asiye na shukrani. Mtazamaji wa Nairobi anayejua tu aliyoonyeshwa atauliza, kama nilivyouliza mimi: si wangemchukua tu mtoto wakaishi naye? Filamu haimjibu. Inamwacha aende nyumbani akidhani ameona msiba wa familia moja yenye mawasiliano mabaya.

Najua utetezi wake. Filamu ya aina hii haifundishi, inasimama karibu na watu na kusikiliza, na watu hawakai mezani kuzungumzia sheria ya 1958. Hukou ni kama hewa kwao. Nakubali. Na ukizingatia ilivyo kazi kupiga picha China, huenda ukimya ulikuwa ndio bei ya kuingia. Lakini Fan mwenyewe alituwekea maandishi mwanzoni kutupa idadi ya wasafiri. Kama maandishi yalipatikana ya kutupa idadi, yangepatikana ya kutupa sababu. Sentensi mbili zingetosha, na ngumi ile ya baba ingeangukia mahali pengine kabisa akilini mwetu.

Wanaoandika wameweza. Liang Hong, msomi wa fasihi aliyezaliwa kijijini mkoa wa Henan, alirudi kwao na kuandika kitabu kilichotoka 2010, ambacho kwa Kiingereza kilitoka 2021 kwa jina China in One Village. Anawaacha wanakijiji waseme kwa kirefu, lakini hawaachi peke yao. Mto uliochimbwa mchanga umo, maafisa wamo, na kuna shule ya msingi iliyofungwa kwa kukosa watoto ikageuzwa kuwa zizi la nguruwe. Ukisoma hapo hutahitaji kuambiwa ni nani aliyeondoka na kwa nini.

Ila anayenigusa zaidi ni Fan Yusu. Hana undugu na mwelekezi, ni jina tu. Ni mwanamke wa Hubei aliyefanya kazi ya kulea watoto wa matajiri Beijing. Aprili 2017 alichapisha mtandaoni insha kuhusu maisha yake, na katika siku chache ikawa imesomwa nchi nzima. Alikuwa akikaa kwa mwajiri, akilala karibu na mtoto mchanga ambaye si wake, huku mabinti zake wawili wako Picun, kijiji cha vibarua pembezoni mwa jiji, mama wanamwona mara moja kwa wiki. Anaeleza jinsi mtoto wa mwajiri alivyoamka usiku, naye akimbembeleza, na katika kumbembeleza akawakumbuka wake walio usiku huo huo bila mama.

Hicho ndicho ninachokikosa kwa mama yake Qin. Katika filamu tunamwona akilia, tunamwona akichoka, tunamwona akikosea. Fan Yusu anatupa anachokifikiri mama, na anafikiri kwa ucheshi, kwa hasira, kwa vitabu alivyosoma utotoni. Yeye hasubiri mtu aje na kamera amhurumie. Ametuandikia yeye mwenyewe, tena mwanamke aliyeacha masomo mapema. Na novemba ya mwaka huo huo, baada ya moto ulioua watu 19 katika jengo la vibarua kusini mwa Beijing, jiji liliwafukuza maelfu ya watu kama yeye katikati ya baridi. Kumbe kusomwa na nchi nzima ni jambo moja, na kuwa na mahali pa kulala ni jambo lingine.

Hapa nirudi kwenye ile insha ya shilingi 350, maana nilifanya kosa lile lile la filamu, kwa upande wa pili. Filamu ilinipa watu bila karatasi. Mimi niliandika namba bila watu.

Namba yenyewe ni ya kweli. Pengo limepungua, kutoka mara tatu na zaidi hadi mara 2.34. Hukou nayo imelegezwa: mwaka 2014 serikali ilitangaza kuondoa mgawanyo wa kilimo na kisicho cha kilimo, na miji ya wastani imefungua milango, ingawa ile mikubwa inayotamaniwa bado inahesabu pointi za nani anafaa. Kuna barabara vijijini, kuna pensheni ndogo, kuna hospitali. Sitaki kuwa mtu wa kukataa mema kwa sababu ni ya serikali.

Lakini ukifungua hiyo namba ndani, unakuta kitu ambacho sikukiandika. Sehemu kubwa zaidi ya kipato cha kaya ya kijijini China siku hizi haitoki shambani, ni mshahara. Juu yake ongeza pesa zinazotumwa nyumbani na walioondoka. Vibarua wa asili ya vijijini sasa ni takriban milioni 300, na wengi wao wamevuka mipaka ya tarafa zao. Kwa hivyo kaya ya akina Zhang kwenye daftari la takwimu inaonekana inapanda. Inamkaribia mtu wa mjini. Mstari kwenye grafu unashuka vizuri, mchumi anatabasamu, mimi nalipwa. Na sehemu ya kilichoushusha mstari huo ni mama kutokuwepo nyumbani. Mwaka 2013, Shirikisho la Wanawake la China lilikadiria kwamba watoto wa vijijini walioachwa nyuma na mzazi mmoja au wote walikuwa milioni 61. Pesa zao zilihesabiwa kwenye kipato. Miaka yao bila wazazi haikuhesabiwa popote, wala sijui ingeandikwa kwenye safu gani.

Ndiyo maana nasema filamu hii, pamoja na kasoro yake, ina thamani kuliko insha yangu ya alama nzuri. Yenyewe inaihesabu ile miaka. Inakuonyesha kwamba pengo la mji na kijiji halizibwi bure, kuna mtu analiziba kwa kukosa utoto wa mwanawe. Nilitaka tu ituambie pia ni nani aliyeandika masharti.

Mwisho wake nao una tatizo. Mgogoro wa uchumi wa 2008 unafika, viwanda vinayumba, na mama anaamua kurudi kijijini kumlea Yang asije akapotea kama dada yake. Qin yuko Shenzhen, anafanya kazi kwenye baa. Baba anabaki mashineni. Mama anapanda treni, na treni inaondoka. Umetazama zaidi ya saa nzima ukisubiri mtu arudi nyumbani, na sasa mmoja amerudi, kwa hivyo moyo unapoa. Mimi pia ulipoa. Nikasema angalau.

Basi niseme langu nimalize. Mimi nililelewa Vihiga na kukhu, nyanya yangu. Mama alikuwa Nairobi, kazi ya nyumba, analala kwa mwajiri. Kwetu hakuna hukou. Tuliwahi kuwa na kipande, cha Mkoloni, kilichomlazimu mwanamume Mwafrika kutembea na karatasi shingoni ili ijulikane anaruhusiwa kuwa wapi, na kilikwisha. Hakuna sheria iliyomzuia Mama kunileta mjini. Kilichomzuia ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, kitanda kimoja, na masharti kwamba mtoto haji. Sitaki kusema ni sawa na China, maana huko ni dola iliyoandika na hapa ni mwajiri aliyesema kwa mdomo. Ila Desemba zilifanana. Alikuja na sukari, na viatu vilivyonibana kwa sababu alinunua kwa kukumbuka mguu wa mwaka jana, na kabla sijavivua alikuwa ameshaomba ripoti ya shule.

Nilipoacha chuo nilimpigia simu. Karo ya semista ilikuwa haijakamilika, hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa kitu anacholipia. Nilimwambia hivyo, kwa maneno mabaya zaidi ya haya. Hakunijibu. Alikata simu, na hatukuzungumza miezi miwili. Baadaye tukaanza tena, habari ya kukhu, habari ya mvua, lakini hilo halikuguswa.

Jumapili moja ya mapumziko yake alikuja kwangu, Kawangware. Nilipika chai, nikamwambia kuna filamu nataka tuone. Mama hasomi Kiingereza kwa haraka, kwa hivyo nilimtafsiria maandishi sentensi kwa sentensi, tukiwa tumeegemeza simu kwenye chupa ya chai. Stesheni ilipotokea akacheka, akasema hawa wanatushinda. Kijumba cha pazia kilipotokea hakusema kitu. Ulipofika ugomvi niliacha kutafsiri, nikaona sauti inatosha. Mama aliangalia mpaka mwisho wa tukio, kisha akasema polepole, bila kuniangalia, "Huyo mtoto hajui." Nikangoja aendelee. Akasema, "Na huyo mama naye hakumwambia."

Hatukusimamisha. Tuliendelea hadi ile treni ya mwisho, mama wa Kichina amerudi kijijini, na nikahisi ule moyo unapoa tena, nikataka kumwona Mama naye akipoa. Yeye alikuwa amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu ya dukani.

"Amerudi," akasema.

"Ndiyo, amerudi kwa kijana wake."

"Nimeona. Sasa karo ya huyo kijana italipwa na nani?"

Sikuwa na jibu, na filamu nayo haina. Nimesoma wahakiki kadhaa wa filamu hii, wenye shahada zao, na sijakutana na aliyeuliza hivyo. Mshahara mmoja umeondoka Guangzhou na kurudi Sichuan kulima. Mtoto amepata mama, kaya imepoteza kipato, na kwenye daftari la takwimu akina Zhang wameshuka. Mwelekezi alituambia huu ni mwisho. Mama yangu aliuona mwezi unaofuata.

Saa kumi na nusu akachukua mkoba wake. Alitakiwa kuwa kazini kabla ya saa kumi na mbili, na Jumapili matatu za huko ni za kubahatisha. Nilimsindikiza hadi stejini. Njiani nilianza kumwambia kuhusu ile siku ya simu, nikasema, "Mama, wakati ule nilipoacha shule..." Akanishika mkono, akasema tutaongea akija tena, hiyo si hadithi ya kusimamia barabarani. Kisha gari likaja, likajaa, akapanda.